Safari ya Wimbo na Jina la Mwenyewe

Msafiri anayeamka Korogwe mapema, kabla jua halijatawanya ukungu, akaelekeza uso wake kaskazini, huiona Usambara imesimama mbele yake kama ukuta wa buluu nzito, na juu ya mabega ya ukuta huo, mahali ambapo mashamba ya chai hupakana na msitu na moshi wa majiko hupanda polepole kwa sababu ya baridi, ndipo ilipo Lutindi. Watu wengi nchini hulijua jina hilo kwa hospitali yake ya wagonjwa wa akili, ambayo ni mojawapo ya zilizo kongwe kabisa katika Afrika ya Mashariki. Lakini kabla ya wagonjwa wa kwanza kupokewa mnamo 1904, makao yale yalianzishwa na Wajerumani wa Kiinjili mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa katika utumwa, watoto wa makabila mbalimbali waliokutanishwa na msiba mmoja. Nawafikiri watoto hao kila nionapo milima ile. Mtoto aliyenyang'anywa nyumbani, wazazi, na mara nyingi hata jina lake, hakuweza kunyang'anywa wimbo aliobembelezewa. Alipanda nao mlimani, akauimba kwa lugha ambayo jirani yake hakuielewa, na wimbo ukaendelea kuishi pasipo mtu wa kusema umetoka kwa nani.

Nimeianza habari hii kwa watoto hao kwa kuwa neno nitakalo kulieleza ni hilo hilo. Katika muda wa zaidi ya miaka mia na ishirini, nyimbo za watu wa Korogwe na Handeni, watu wasio na kampuni wala mfadhili nyuma yao, zimepata chombo baada ya chombo cha kuzisafirisha, tangu miguu ya wachezaji ngoma hadi intaneti, na kila chombo kimezifikisha mbali kuliko kile kilichotangulia. Walakini aghalabu mzigo umefika na hati yake imeanguka njiani. Wimbo umesikiwa, mwenye wimbo hakujulikana. Na asiyejulikana hana wa kumlipa.

Chombo cha kwanza kilikuwa binadamu mwenyewe. Wimbo wa ngoma ya mdumange uliotungwa mlimani kwa ajili ya arusi ulishuka siku ya gulio pamoja na ndizi na tumbaku, ukakutana bondeni na Wazigua waliotoka upande wa Handeni, na jioni ukapanda vijiji vingine vinywani mwa watu waliousikia mara moja tu. Manju wa ngoma hakuhitaji hati iliyoandikwa, maana alijitaja ndani ya wimbo, akamtaja baba yake na kijiji chake, akajisifu, akawarushia vijembe wapinzani wake. Na aliyeubeba wimbo ule hadi kijiji cha tatu hakuwa na budi kuimba na jina hilo, la sivyo mahadhi yangepwaya. Watunzi wa tenzi wa pwani walikuwa na desturi iyo hiyo katika beti zao za tamati, ambamo waliweka jina, nasaba, na mara nyingine tarehe ya kumaliza utungo. Haya ni maarifa makubwa, na yanastahili heshima kuliko tunavyoyapa: jina lilifumwa ndani ya nguo, halikubandikwa juu yake.

Kisha ikaja reli, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Korogwe mwaka 1902, na nyuma ya reli yakaja mashamba ya mkonge, na mkonge ukaita vibarua kutoka pande za mbali, wale ambao historia inawakumbuka kwa jina la manamba, kwa sababu kila mmoja aliandikwa kwa namba. Siwezi kulipita neno hili kwa haraka. Watu walioitwa kwa namba mchana kutwa walikuwa na ngoma zao usiku, kila kabila kambini na ngoma yake, na katika ngoma hizo waliitana kwa majina. Nadhani hapo ndipo penye sababu mojawapo ya ngoma za makambini kuwa na nguvu kubwa kiasi kile. Huko milimani nako, makanisa ya Kilutheri yalikuwa yakilea kwaya na vikundi vya tarumbeta, na hawa wanakwaya, ambao hununua sare kwa fedha zao na kufanya mazoezi baada ya kurudi shambani, ndio wanamuziki wa kujitegemea kwa maana iliyo kamili ya neno hilo, ingawa wanaoandika juu ya muziki wetu huwasahau mara nyingi.

Santuri ndiyo iliyolitoa jina ndani ya wimbo na kuliweka juu ya karatasi. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika kisiwa cha Unguja, mwanamke aliyekuwa akiuza vyungu kabla ya sauti yake kumpa riziki, alivuka bahari na wenzake kwenda Bombay kurekodi nyimbo kwa kampuni ya HMV, na santuri hizo zikasikiwa pwani nzima, na katika kiduara cha karatasi kilichobandikwa kati kati ya kila santuri palichapishwa jina lake. Tanga ina sehemu yake katika heshima hiyo, kwa sababu aliyeandika wasifu wa Siti ni Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibamba, aliyeona kwamba maisha ya mwimbaji yanastahili kuhifadhiwa kitabuni sawasawa na maisha ya watawala. Lakini nyumba ya santuri ilikuwa na mlango mmoja na bawabu mmoja. Kampuni ndiyo iliyochagua nani apande jahazi na nani abaki ufukoni, na manju wa Lutindi asiyejulikana Bombay, wala baadaye Nairobi, hakuwa na njia ya kupita hapo.

Redio iliufungua mlango kwa upana zaidi. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951, na chombo hicho, baada ya kubadilishwa jina na utaratibu mara kadhaa, kikawa mwaka 1965 Radio Tanzania Dar es Salaam, mali ya serikali, chenye studio ya kurekodia bendi, vikundi vya taarabu, kwaya na ngoma za mikoani. Bendi ilisafiri kwa basi au kwa treni, ikakaa Dar es Salaam kwa jamaa, ikangoja zamu yake, ikarekodi nyimbo chache juu ya utepe ambao ulibaki maktaba ya redio. Na malipo yalikuwa haba, lakini wimbo ulisikika usiku uo huo Kigoma na Mtwara. Wazee wa Korogwe wanakumbuka zile kadi za salamu zilizopelekwa kwa posta, na mtangazaji akizisoma kwa sauti ya taratibu, majina ya wasikilizaji kumi au ishirini, pamoja na vijiji vyao na shule zao, ndipo wimbo ukapigwa. Ilikuwa furaha ya kweli kusikia jina la mtu wa Handeni likitajwa hewani. Nami nimewaza mara nyingi juu ya vipindi vile, kwamba msikilizaji alitajwa kwa majina yake yote, bendi ikatajwa kwa jina lake, ila yule aliyekaa na gitaa usiku kucha akiyatunga maneno alitajwa pale tu mtangazaji alipokumbuka.

Mji wa Tanga katika miaka ya 1960 na 1970 ulikuwa na utajiri wa muziki ambao miji mingi mikubwa kuliko huo haikuupata: Atomic Jazz na Jamhuri Jazz katika dansi, na katika taarabu Black Star Musical Club, kisha Lucky Star iliyotokana nayo, ambamo Shakila aliimba. Taarabu hii ya Tanga ilipunguza vinanda, ikaleta gitaa na besi na mapigo mepesi, na njia yake ya kutokea ilikuwa Mombasa, kwa wafanyabiashara wa santuri wenye lebo kama Mzuri. Ilikuwa njia fupi, ya saa chache tu kwa gari. Kumbe njia fupi nayo hukatika: mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977, ukabaki umefungwa hadi 1983, na kwa wanamuziki ambao nchi yao haikuwa na kiwanda cha kuchapisha santuri, mambo hayo ya serikali yalikuwa sawa na kukatwa ulimi. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa mkusanyo wa nyimbo za Black Star na Lucky Star, na watu wa Ulaya wasiojua Kiswahili wakazinunua na kuzipenda. Na kwa uchache kampuni hiyo iliandika juu ya jalada kwamba muziki huu ni wa Tanga.

Wakati huo kaseti ilikuwa imekwisha kuingia kila nyumba, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu kibanda cha kaseti nakikumbuka vizuri kuliko vyombo vingine vyote. Kilikuwa chumba cha mbao kando ya stendi, hakizidi upana wa kitanda, na ndani yake mna deki yenye milango miwili, mmoja ukicheza na mwingine ukinakili, spika imening'inizwa nje ili abiria wa mabasi ya Arusha na Dar es Salaam wasikie, na juu ya meza pana penseli ya kuzungushia utepe uliolegea na kalamu ya wino wa buluu. Kanda iliyovunjwa kile kipande kidogo cha plastiki mgongoni, ili isifutike, ilizibwa tundu kwa karatasi iliyokunjwa, nayo ikakubali kurekodiwa upya, wimbo juu ya wimbo. Mteja aliagiza anavyotaka: upande wa kwanza dansi, upande wa pili kwaya. Fundi akaandika juu ya kadi neno moja, "Mchanganyiko", na kwa neno hilo moja watu kumi na wawili walipoteza majina yao.

Simlaumu fundi yule, aliyekuwa akitafuta riziki yake na aliyefikisha muziki mahali ambapo hapakufika duka la santuri. Lakini hasara ilikuwa kubwa. Mwanamuziki wa mkoani aliyetaka kanda yake iuzwe kwa halali alikwenda Kariakoo na utepe wake mkononi, akamkabidhi msambazaji, akapewa fedha za mara moja, akatia sahihi, na tangu hapo hakuwa na njia ya kujua zimeuzwa kanda mia au laki. Sheria ya hakimiliki ilipitishwa mwaka 1999, ikaanzisha COSOTA, chama cha kusimamia hakimiliki, na kabla yake redio za watu binafsi zilikuwa zimeanza kusikika, Radio One ikiwa miongoni mwa za mwanzo mwaka 1994. Vijana wa Bongo Fleva wakaingia kwa mlango huo, na Tanga ikatoa watu wake, kama vile Wagosi wa Kaya, waliojipa jina la kwetu, maana yake wanaume wa nyumbani, wakaimba juu ya hospitali, barabara na hali ya mkoa wao kwa lafudhi ya kwao bila kuona haya. Hata hivyo bawabu hakuondoka mlangoni; alihama tu kutoka kiwandani kwenda kwenye meza ya mtangazaji.

Mwezi Julai mwaka 2009 mkongo wa intaneti wa SEACOM ulikuwa ndio kwanza unaunganishwa Dar es Salaam, lakini vijijini muziki ulikuwa umekwisha kupata chombo kingine kidogo kuliko ukucha, nayo ni kadi ya kumbukumbu ya simu. Kibanda kile kile cha stendi kilitoa deki, kikaweka kompyuta, na bango likaandikwa kwamba hapa tunajaza nyimbo. Kijana alitoa kadi yake, akalipa shilingi mia chache, akarudi mlimani na nyimbo mia mbili, kisha akawagawia wenzake kwa bluetooth wakiwa wamekaa juu ya jiwe. Fungua orodha ya simu ile uone: wimbo wa kwanza unaitwa "Track 01", wa pili unaitwa "Track 02", wa tatu una jina la kibanda na namba ya simu ya mwenye kibanda. Hata hivyo chombo hiki kiliwanufaisha wasio na bawabu. Singeli ya Dar es Salaam, iliyokuwa ikikataliwa na redio kwa kasi yake na maneno yake, ilisambaa hivi hivi kutoka mkono hadi mkono katika mitaa ya Manzese na Mburahati, mpaka Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mwaka 2017 mkusanyo wa "Sounds of Sisso", na vijana wa studio ya Sisso wakaalikwa kupiga Ulaya.

Basi tufike kwenye mtandao wenyewe. Mtunzi wa leo aliyeko Lutindi anaweza kurekodi kwa simu, akapandisha wimbo YouTube au Audiomack bila kumwomba mtu idhini. Anaweza kumpa wakala wa mtandaoni, kama DistroKid iliyoanza mwaka 2013, aupeleke Spotify na Boomplay. Anaweza kuuweka Bandcamp, ambapo mnunuzi humlipa mwimbaji bei aliyoitaja mwenyewe na duka likachukua asilimia 15. Haya hayakuwahi kuwapo duniani kwa mtu maskini, nami nayashukuru kwa moyo wote. Lakini kila njia ina ushuru wake, na ni wajibu kuutaja. Ili YouTube ianze kugawana na mtu mapato ya matangazo, utaratibu uliowekwa mwaka 2018 ulidai wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi kumi na miwili. Kwa kwaya yenye wimbo wa dakika tano, hiyo ni sawa na wimbo kutazamwa mwanzo hadi mwisho mara 48,000, idadi ambayo kwaya ya kata haiipati kwa waumini wake peke yao. Bandcamp hulipa kwa njia ya PayPal, nayo akaunti ya PayPal ya Tanzania kwa miaka mingi iliweza kutoa fedha na haikuweza kupokea. Mwaka 2018 pia zilitoka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, na aliyetaka kuendesha redio au televisheni ya mtandaoni akatakiwa kuwa na leseni yenye ada kubwa, zaidi ya shilingi milioni mbili katika mwaka wa kwanza, fedha ambazo mchuma chai haziweki akiba kwa mwaka mzima. Na juu ya yote kuna bando, ambalo huisha katikati ya wimbo.

Pamoja na ushuru huo wote, chombo hiki kina jambo moja ambalo santuri, redio, kaseti na kadi havikumpa mtu wa kawaida, nalo ni nafasi tupu ya kuandika jina kwa mkono wake. Kila rekodi inayopelekwa kwa wakala hupewa alama yake ya herufi na tarakimu 12, iitwayo ISRC, ambayo huifuata popote ipigwapo, iwe Nairobi, Muscat au Minnesota, mithili ya yale majina ya manju yaliyofumwa ndani ya mahadhi; na pamoja na alama hiyo huandikwa mwimbaji, mtunzi na mwaka. Nafasi hizo zikiachwa tupu, au akizijaza mtu mwingine kwanza, basi mashine itamwamini huyo aliyejaza. Nimezisikia kwaya zikilia kwamba wimbo wao wa miaka ishirini unaliwa na mtu asiyejulikana aliyeupandisha kwa jina lake, na kulidai jina tena ni kazi ya barua nyingi na miezi mingi. Kwa hiyo nawasihi viongozi wa kwaya na vikundi vya ngoma wa Korogwe na Handeni waandike daftari, wimbo kwa wimbo, nani alitunga na lini, wakati wazee wangali hai.

Mwaka huu, jioni moja ya Juni, nilikuwa mlimani, nikamkuta kijana wa kwaya ameketi ukingoni mwa shamba la chai, mahali ambapo mtandao hushika, akijaza fomu ya wimbo waliokuwa wameurekodi kanisani Jumapili. Aliandika jina la wimbo, akaandika jina la kwaya, alipofika kwenye nafasi ya mtunzi akasita. Bibi mmoja, mwimbaji wa sauti ya pili tangu ujana wake, alikuwa akipita na mzigo wa kuni.

"Shikamoo bibi. Huu wimbo wetu wa pambio, katunga nani?"

"Marahaba. Si wa mwinjilisti wetu yule wa zamani? Alituimbisha mwaka wa njaa, hata kitabu hatukuwa nacho."

Akalitaja jina. Kijana akaliandika, akataka kuendelea, bibi akautua mzigo.

"Weka na la baba yake, mjukuu wangu. Wenye jina hilo walikuwa wawili, na yule mwingine hakujua kuimba. Weka na kijiji."

Kijana akafuta, akaandika upya, majina mawili na kijiji, na nafasi ikatosha. Chaji ilikuwa imebaki asilimia kumi na mbili. Bibi akasogea karibu na kile kioo, akauliza jina liko wapi, akaoneshwa, akaliwekea kidole chini yake bila kuligusa, akamwambia asome tena.